Mume wangu anakata pumzi usingizini na presha haishuki. Moyo unaumia?

Mama Rehema wa Mbagala, Jumapili saa 5 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Naandika nikiwa sebuleni, yeye kalala chumbani, mlango nimeuacha wazi ili nimsikie.

Mume wangu ana miaka 46, ni dereva wa semi, anabeba mzigo kutoka bandarini kwenda Tunduma. Akiwa safarini sijui analalaje, ila akiwa hapa nyumbani Rangi Tatu asiyelala ni mimi. Anakoroma tangu tuoane, nilishazoea, hata watoto wamezoea. Kinachoniamsha miezi hii ni pale anaponyamaza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua na tumbo vinahangaika kama mtu anayevuta mzigo kwa kamba, lakini puani na mdomoni hakutoki kitu; nimeweka kiganja changu pale nikahakikisha. Kisha anashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama aliyeibuka kutoka majini, anageuka, anaendelea. Asubuhi nikimuuliza ananijibu, "Nimelala vizuri tu, mke wangu."

Wiki iliyopita nilifungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu. Kuanzia saa nane usiku mpaka saa nane na nusu pumzi ilikatika mara 17. Ya kifupi sekunde 12, ya kirefu sekunde 41. Kwenye ile ya 41 nilijikuta na mimi nimebana pumzi pamoja naye, na nilishindwa kabla yake.

Mengine ninayoyaona: anaamka kukojoa mara tatu au nne kwa usiku. Akiamka kinywa kikavu na kichwa kinamuuma mpaka anywe chai. Presha anameza dawa za aina tatu, moja ni ya kukojosha, na dawa haruki, mimi ndiye ninayempa mkononi. Kliniki ya mwisho ilisoma 168 juu ya 102. Sukari amepimwa hana. Si mnene wa kutisha, ana tumbo la udereva na shingo nene. Sasa hivi anasinzia hata sahani ikiwa mbele yake. Na mwezi uliopita utingo wake alinipigia kwa siri akaniambia, "Mama, bosi alisinzia tulipopita Mikumi, nikamdakia usukani." Tangu siku hiyo simu ikiita usiku mikono inanitetemeka.

Mama mkwe anasema ni jinamizi linamkaba, tumesoma dua na ninaendelea kusoma. Jirani anasema ni uchovu wa barabara. Yeye mwenyewe hospitali hataki, anasema akikutwa na ugonjwa tajiri atampokonya gari.

Naomba anayejua aniambie ukweli. Huku kukata pumzi kunaweza kuwa ndiko kunakoipandisha presha? Moyo wake unaumia? Nianzie wapi?

---

Kijana wa Tandale, Jumapili saa 5:20 usiku

Dada, kukoroma ni dalili ya usingizi mnono. Marehemu babu yangu alikuwa akikoroma paa linatikisika na alifariki ana miaka 88. Huyo amechoka na safari. Mtafutie Valium, hata nusu kidonge, alale fofofo siku mbili, utaona.

---

Fundi wa Kola, Jumatatu saa 12 asubuhi

Dada Mama Rehema, pole sana. Nimesoma maandishi yako mara mbili, kisha nikampa simu mke wangu naye asome. Kasema, "Huyu ni mimi kabisa."

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, naishi Kimara Temboni, nina miaka 52. Hayo yaliyo kwako yalikuwa kwangu miaka minne iliyopita. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu mimi nilichelewa na moyo wangu haujarudi wote ulivyokuwa.

Ilikuwa Desemba, msimu wa harusi, nina sare 30 za kamati mezani. Saa tisa alasiri, nimekaa mbele ya cherehani ya umeme, mguu uko kwenye pedeli, nikasinzia. Mguu ukaelemea. Sindano ilipita katikati ya kucha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ikatokea chini, na satini ya kijani ikashonwa pamoja na kidole. Nilipoamka sikupiga hata kelele. Nilibaki nikiangalia uzi wa kijani unatoka kidoleni mwangu. Mpaka leo kucha hiyo inaota na mfereji katikati.

Zahanati walinichomoa sindano, wakanichoma ya pepopunda, na yule nesi akanipima presha: 178 juu ya 106. Nami nilikuwa kwenye dawa tatu kama bwana wako. Akanishika mkono akahesabu mapigo. Akahesabu tena. Akaniambia, "Baba, mapigo yako hayana mpangilio, nenda ukapimwe moyo wiki hii hii."

Nilipowekewa nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikaonekana vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kubana na kuachia. Daktari akanieleza kwamba damu ikituama humo inaweza kuganda, na kipande kikichomoka kikapanda kichwani, hicho ni kiharusi. Nikaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, nami nikadhani mazungumzo yameisha. Akaniuliza, "Unalalaje?" Nikajibu vizuri. "Mkeo yuko wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Rudi Alhamisi, uje naye. Wewe hukuwepo ukilala."

Alhamisi mke wangu hakueleza kwa maneno. Aliegemea kiti, akafumba macho, akaanza kukoroma kama mimi, mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakacheka. Kisha akanyamaza. Kifua kinahangaika, mdomo umefungwa, vidole vyake vimeshika ukingo wa meza mpaka vimebadilika rangi. Daktari alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Zilipofika sekunde 30 hivi mke wangu akavuta hewa kwa ule mkoromo, machozi yanamtoka. Daktari akaandika kwenye faili, wala hakucheka. Nilikuwa nimelala na mwanamke huyu miaka 21 na siku ile ndiyo mara ya kwanza kuona anachokiona yeye kila usiku.

Kwa hiyo dada, hizo hesabu zako, mara 17 kwa nusu saa, sekunde 41, usizifute. Ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe. Mrekodi pia video, simu iwe upande, kifua kionekane na sauti isikike. Hicho ndicho unachoanzia nacho kwa daktari.

Mimi nilipewa kifaa nikalale nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, mrija mdogo puani, na kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni. Majibu yalikuja kuwa pumzi yangu inakatika au inapungua sana mara 47 kwa saa, na oksijeni, ambayo kwa mtu mzima wa afya hukaa 95 kwenda juu, yangu ilishuka mpaka 71. Wanavyopanga ni hivi: chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida, 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni ya wastani, 30 kuendelea ni kali. Na kila mkato unaohesabiwa ni wa sekunde 10 au zaidi. Hesabu yako ya nusu saa haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo, lakini hata ukikosea kidogo bado ni nyingi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi. Na kuhusu shingo uliyoitaja, nitasema la fani yangu. Chukua futi ya fundi, ipitishe shingoni usawa wa kikoromeo cha koo, usiibane. Mwanaume mwenye kola ya inchi 17 kwenda juu, madaktari wanaanza kumwangalia kwa jicho hilo. Mimi nilikuwa 17 na nusu na nilikuwa najishonea kola hizo kila Idi bila kujua kuwa futi inaniambia kitu. Siku hizi nikipima mteja nikaona shingo ya hivyo, na macho mekundu, na amesinzia kwenye benchi akisubiri, namuuliza kwa upole kama nyumbani wanalalamika anakoroma. Wawili wamekwenda kupima.

Tiba niliyopewa ni mashine ya CPAP, wenyewe tunaiita sipapu. Si oksijeni, ni hewa hii hii ya chumbani, inasukumwa kwa bomba na barakoa ya puani kwa nguvu kidogo, inalitanua koo lisijifunge, kama upepo unavyoinua turubai. Aliyeibuni ni daktari wa Sydney, Colin Sullivan, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1981. Kabla ya hapo mgonjwa wa hali mbaya alikuwa akitobolewa tundu shingoni la kupumulia. Nilipoambiwa hivyo nikaacha kulalamika kuhusu barakoa. Bima yangu haikulipia, nikauza cherehani moja ya ovaloki.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, sitakudanganya. Joto la Dar unalijua, usoni umefungwa mikanda, naivua usiku wa manane bila kujitambua. Chandarua nacho kilinitesa, bomba likipita mbu wanapita. Mwishowe nilishona kimlango cha duara chenye lastiki kwenye chandarua, bomba linapita, panabana. Kisahani cha maji cha kulainisha hewa sikitumii, hewa ya hapa ina unyevu wa kutosha. Wiki ya tatu nililala kuanzia saa nne mpaka adhana ya alfajiri, sikuamka kukojoa hata mara moja. Nilikaa kitandani nikidhani kuna kitu hakipo sawa.

Presha sasa ni 134 juu ya 84, na daktari, si mimi, amenitoa kwenye dawa tatu akanibakiza na mbili. Mapigo ya moyo bado siku nyingine yanachafuka na dawa ya damu naimeza bado.

Bwana wako mwambie kutoka kwangu. Mimi nilisinzia nikashona kidole. Yeye anateremka Kitonga na tani zake nyuma.

---

Sista wa Zamu ya Usiku, Jumatatu saa 3 usiku

Kwanza, wewe kijana wa Tandale, nakuomba sana. Mtu anayekata pumzi asipewe Valium wala dawa yoyote ya usingizi bila daktari anayejua hali yake. Dawa hizo zinalegeza misuli ya koo na zinachelewesha ubongo kumwamsha. Pombe ya usiku ni hivyo hivyo. Ule mshtuko unaomwogopesha mama Rehema ndio unaomrudishia mumewe pumzi.

Mama Rehema, mimi ni muuguzi wodi ya wagonjwa wa moyo hapa mjini. Siwezi kusema mumeo ana nini bila kipimo, ila umeuliza kama moyo unaumia, nami nitakueleza kinachotokea ndani ya zile sekunde 41.

Sehemu ya koo nyuma ya ulimi haina mfupa wala gegedu la kuishikilia, kinachoiweka wazi ni misuli. Mtu akilala misuli inalegea, hasa akilala chali, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma. Kwa mwenye njia nyembamba vinakutana, mlango unafungwa. Kukoroma ni hewa inapita kwa shida. Kimya ni hewa haipiti kabisa.

Lakini ubongo unaendelea kuamuru pumua. Kifua kinavuta. Umeshawahi kunywa dafu kwa mrija, mrija ukabanwa, ukavuta mpaka mashavu yakaingia ndani? Kifua chake kinafanya hivyo kwa nguvu zote, na moyo uko humo humo ndani ya kifua. Kuta zake zinavutwa kwenda nje wakati wenyewe unajaribu kubana ili usukume damu. Kazi inaongezeka. Vyumba vya juu, ambavyo kuta zake ni nyembamba, vinatanuliwa usiku baada ya usiku, na hiyo ni njia mojawapo ya kufikia ule mtetemeko uliompata fundi.

Na hapa kuna jibu la kukojoa. Vyumba hivyo vikitanuka moyo unadhani mwili umejaa maji, unatoa homoni ya kuziambia figo zitoe maji. Wanaume wengi wanakwenda kupimwa tezi dume kwa sababu ya kuamka usiku, na tezi ni nzima. Sisemi asiipime, nasema daktari aambiwe na habari ya kukoroma.

Wakati huo oksijeni inashuka na hewa chafu ya kabonidioksidi inapanda. Mara nyingi mapigo ya moyo yanapungua kasi kwanza. Kisha ubongo unashtuka, unamwaga adrenalini, mishipa inabana, koo linafunguka, moyo unakwenda mbio. Presha inaruka juu kabisa pale pale anaporudisha pumzi. Fanya hesabu: mara 30 na zaidi kwa saa, saa sita au saba, kila siku. Kwa kawaida presha ya mtu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 akilala, ndiyo mapumziko ya mishipa. Yeye hana mapumziko hayo, na ile hali ya hatari mwili unaamka nayo, unashinda nayo mchana. Ndiyo maana nikisikia mtu yuko kwenye dawa tatu, mojawapo ya kukojosha, anazimeza sawasawa na presha haishuki, swali langu la kwanza ni anakoromaje. Madaktari wa presha nao wanaliuliza.

Mishipa ya mapafu pia hubana oksijeni ikishuka, upande wa kulia wa moyo ukasukuma kwa taabu. Kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa mapafu au unene mkubwa sana, utaona miguu inavimba. Mumeo ukiona miguu imevimba, au anashindwa kulala chali kwa kukosa hewa akiwa macho, au kifua kinabana, usisubiri miadi.

Jambo moja mlitofautishe. Kuna aina nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo wenyewe unasahau kuamuru. Hapo kifua hakihangaiki, kimelala kabisa, kisha pumzi inarudi polepole, inapanda, inakuwa nzito, inafifia tena. Naiona wodini kwa wagonjwa ambao moyo umeshachoka kusukuma. Mtindo huo unaitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Dublin, Cheyne aliyeuandika mwaka 1818 na Stokes mwaka 1854. Kwa hao moyo ndio unaoharibu pumzi, siyo pumzi inayoharibu moyo, na tiba yake ni tofauti. Ndiyo maana nimefurahi uliandika kwamba kifua na tumbo vinahangaika. Mwambie daktari maneno hayo hayo.

Pa kuanzia: kliniki ile ile ya presha. Usiende kueleza kukoroma peke yake, wengi wanakupuuza. Sema hivi: "Anakata pumzi mpaka sekunde 41, nimehesabu, na presha haishuki kwa dawa tatu, na anasinzia akiendesha." Omba aandikiwe kwa daktari wa pua, masikio na koo, au wa mapafu, au wa moyo, apimwe usingizi na afanyiwe ECG. Huku mkisubiri alale ubavu. Fundi anaweza kukushonea mfuko mgongoni mwa fulana, ndani uweke mpira wa tenisi, akigeuka chali unamsukuma. Dawa za presha asiache hata siku moja.

Na asiendeshe akiwa anasinzia. Hilo nalisema kama muuguzi na kama mtu anayepanda basi za mkoani.

---

Mwalimu wa Kigamboni, Jumatatu saa 4 usiku

Samahani kuingilia. Mtoto wangu wa miaka 5 naye anakoroma, analala mdomo wazi, kichwa amekirudisha nyuma, na shuleni hatulii. Ni ugonjwa huo huo?

---

Sista wa Zamu ya Usiku, Jumatatu saa 4:30 usiku

Mwalimu, kwa watoto mara nyingi kinachoziba ni mafindofindo na tezi za nyuma ya pua, na mtoto asiyelala vizuri huwa mtundu badala ya kusinzia kama mtu mzima. Mpeleke kwa daktari wa pua, masikio na koo. Likiwa ni hilo, zikitolewa wengi wanapona au wanapata nafuu kubwa.

---

Kijana wa Tandale, Jumanne saa 2 asubuhi

Sista nimekuelewa, naomba radhi kwa habari ya Valium, sikujua. Naomba kuuliza kwa nia njema, maana mashine hizi ni bei. Mtu akishaivaa, kiharusi na shambulio la moyo ndiyo basi hayamfikii?

---

Sista wa Zamu ya Usiku, Jumanne saa 1 usiku

Hapana, na ni vizuri umeuliza. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa, zaidi ya watu 2,700 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo pamoja na apnia. Nusu walipewa CPAP. Mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua ukilinganisha na wasiopewa. Waliotumia walipunguza kusinzia mchana, na hali ya hisia zao ikawa bora. Lakini angalia, kwa wastani waliivaa saa tatu na kidogo tu kwa usiku, na watu waliokuwa wakisinzia sana mchana hawakuingizwa kwenye utafiti. Bado wataalamu wanabishana kuhusu walioivaa usiku kucha.

Presha inashuka, ila kwa watu wengi ni kidogo, alama mbili tatu. Kwa wale wenye presha sugu kama ya mume wa mama Rehema huwa inashuka zaidi. Fundi amepata matokeo mazuri, asije mtu akategemea hayo hayo akatupa vidonge. Uzito ukipungua hata sehemu ya kumi, mikato inapungua, hilo ni kwa aliyezidi uzito. Kwa dereva hata hivyo mimi singesubiri utafiti mwingine. Kutosinzia kwenye usukani peke yake kunatosha kuilipia.

---

Mama Rehema wa Mbagala, Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa 3 usiku

Nimerudi wapendwa. Alirejea kutoka Tunduma Jumatano. Usiku ule nilimrekodi dakika 20. Asubuhi sikumwambia kitu, nilimwekea chai na viazi, nikamwekea simu mbele nikabonyeza. Alianza kwa kutabasamu. Kilipofika kile kimya aliweka kikombe chini, akawa anakiangalia kioo cha simu, anahesabu kwa midomo bila sauti. Ulipotoka ule mkoromo alishtuka mwenyewe kwenye kiti. Akaniuliza, "Ni kila siku hivi?" Nikamwambia kila siku. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Pale Mikumi sikukuambia." Nikamjibu najua.

Futi nilimpima, inchi 17 kasoro kidogo. Ijumaa tulikwenda, nilisema maneno ya sista kama yalivyo na daktari aliacha kuandika akanisikiliza. Mapigo kwenye ECG yako sawa, Mungu ni mwema, ila moyo umenenepa kidogo upande wa kushoto kwa sababu ya presha. Kifaa cha kulala nacho tunakichukua Jumatatu. Yeye mwenyewe amemwambia tajiri, nami nilikuwa pembeni. Tajiri kampa wiki mbili za kupumzika na gari kalichukua dereva mwingine kwa muda.

Sasa ana swali lake, ameniambia nimuulizie fundi. Ikibidi avae hiyo sipapu, akiwa njiani analala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Umeme wa gari utaiendesha?

---

Fundi wa Kola, Jumamosi saa 4 usiku

Mwambie shemeji nimefurahi mno, mke wangu kapiga vigelegele hapa.

Ndiyo, inawezekana. Mashine nyingi zina waya wake wa kuunganishia kwenye betri, unanunua kando. Malori mengi ni volti 24, kwa hiyo msinunue waya kwanza. Akaangalie betri za gari lake na chini ya mashine imeandikwa volti ngapi, waya uwe unaokubali zote mbili. Asiunge kienyeji, fundi wa umeme wa magari aweke fyuzi. Kisahani cha maji akizime, ndicho kinachokula umeme zaidi, na mashine isiwekwe sakafuni pa gari kwa sababu ya vumbi, chujio lake aliangalie kila safari. Utingo naye aelezwe ni nini, asije akamvua akidhani anakabwa.

Mikanda ya barakoa inalegea baada ya miezi, hewa inaanza kuvuja machoni. Ikilegea msikimbilie kununua mingine. Nipeni nafasi niibadilishe lastiki, mimi yangu nimeshaibadilisha mara tatu. Na hiyo fulana ya mfuko wa mgongoni, niambie kifua chake inchi ngapi, Jumatatu itakuwa tayari kabla hamjachukua kifaa.

---

Mama Rehema wa Mbagala, Jumamosi saa 4:15 usiku

Inchi 44. Amepima mwenyewe.